SITI BINTI SAAD NA SANAA YA KUNASA SAUTI: MAISHA YAKE NA MAFUNZO KWA MWALIMU WA SHULE YA MSINGI

Utangulizi

Mwalimu wa shule ya msingi anapotakiwa kufundisha misingi ya kurekodi sauti na picha, jambo la kwanza analoliwaza huwa ni vifaa. Shule yake pengine haina umeme wa kutegemewa, haina kamera, wala haina chumba kilichotengwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo somo huahirishwa hadi vifaa vitakapopatikana, na vifaa vinapochelewa mwaka humalizika na somo halijafundishwa.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ujuzi wa kurekodi huanza kabla ya chombo. Huanza katika sikio lililozoezwa kusikiliza, katika pumzi iliyotawaliwa, na katika mazoezi yanayorudiwa mpaka kosa litoke. Anayekifikia chombo akiwa na mambo hayo matatu hujifunza matumizi yake kwa muda mfupi. Asiyekuwa nayo, hata apewe chombo cha thamani kubwa, atanasa makelele.

Ushahidi wetu ni maisha ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, ambaye hakupata kukaa darasani, na ambaye alisimama mbele ya maikrofoni kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka ipatayo 48. Mwalimu mwanafunzi wa Kinampanda, ambaye kesho huenda akapangiwa shule ya Mkalama, Ikungi au Manyoni, anaweza kudhani kwamba habari za mwimbaji wa pwani hazimhusu. Tutaona kwamba zinamhusu sana.

Kuzaliwa na malezi

Siti binti Saad alizaliwa karibu na mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Unguja. Baba yake alikuwa na asili ya Unyamwezi. Njia kuu ya misafara iliyounganisha pwani na Unyanyembe katika karne ya kumi na tisa ilikatiza pori la Mgunda Mkali, ambalo sehemu yake sasa imo katika nchi ya Manyoni na Itigi, mkoani Singida. Watu wengi wa bara walifika Unguja kwa njia hiyo, baadhi yao kama wapagazi na wengine kama watumwa. Kwa hiyo mtu wa Singida hana sababu ya kumwona Siti kuwa mgeni kwake.

Jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa Mtumwa, na jina hilo linatosha kueleza hali ya wazazi wake. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Unguja mwaka 1897, lakini sheria haikufuta mara moja dharau waliyotendewa watu waliotoka katika hali hiyo. Jina la Siti, ambalo maana yake ni bibi mwenye heshima, alilipata baadaye kwa sababu ya uimbaji wake. Mtu aliyeanza maisha akiitwa Mtumwa akayamaliza akiitwa Siti, na kilichomvusha kutoka jina moja hadi jingine ni sauti yake.

Hakusoma shule. Wakati ule watoto wa hali yake, na hasa wasichana, hawakuwa na nafasi hiyo. Alijifunza kazi za mikono zilizokuwa zikifanywa na wanawake wa kijijini, na kazi iliyomlisha ilikuwa ufinyanzi.

Vyungu na sauti

Siti alifinyanga vyungu na kuvitembeza kwa kuviuza. Alipokuwa akitembea aliimba, na watu waliisikia sauti yake kabla hawajamwona yeye. Sauti ikawa tangazo la biashara yake.

Jambo hili ni dogo, lakini mwalimu asilipite haraka. Anayeuza kwa kutembea hujifunza mambo ambayo leo fundi wa sauti hujifunza kwa vipimo. Hujua kwamba sauti hupungua nguvu kadiri umbali unavyoongezeka. Hujua kwamba upepo huichukua na kuipeleka upande mmoja, kwamba ukuta huirudisha, na kwamba neno linalotamkwa kivivu hufika likiwa limekatika. Huitawala pumzi yake, kwa maana ana mzigo kichwani na njia ni ndefu.

Kazi ya udongo nayo ina somo lake. Mnunuzi wa chungu hukigonga kwa kidole na kusikiliza. Chungu kizima hulia mlio mmoja ulio wazi, na chenye ufa hulia mlio uliofifia. Sikio hugundua ufa ambao jicho halijauona. Mwalimu akileta darasani vyungu viwili, kimoja kizima na kingine chenye ufa, na kuwataka watoto wafumbe macho na kuvitofautisha, atakuwa amekwisha kufundisha somo la kwanza la sauti bila gharama yoyote.

Mjini, na mafunzo ya Ali Muhsin

Mwaka 1911 Siti alihamia mjini Unguja. Mji huo ulikuwa na historia yake ya muziki. Taarabu ilikuwa imeingia katika jumba la Sultani wakati wa Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, na ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu mbele ya wakubwa. Mwaka 1905 kilianzishwa chama cha muziki cha Ikhwani Safaa, na wanachama wake walikuwa wanaume.

Ali Muhsin, mwanamuziki wa chama hicho, aliisikia sauti ya Siti na akaamua kumfundisha. Alimfundisha kuimba pamoja na ala, na akamfundisha matamshi ya Kiarabu. Mwanafunzi wake hakujua kusoma, basi mafunzo yote hayana budi yalipita sikioni: mwalimu hutamka, mwanafunzi husikiliza, mwanafunzi hutamka, mwalimu husahihisha, na wote wawili hurudia. Hapakuwa na karatasi ya kumkumbusha mwanafunzi maneno yaliyompotea. Jambo lililojifunzwa lilikaa kichwani au lilipotea.

Njia hiyo ya kufundisha watu wengi huidharau siku hizi kwa kuidhania kuwa ni kukariri tu. Katika ufundi wa sauti haina mbadala. Matamshi, kasi, kituo na mkazo havionekani katika maandishi, husikika. Mtoto hujifunza kutofautisha sauti nzuri na mbaya kwa kusikiliza, kuiga na kusahihishwa na mtu anayejua zaidi.

Pamoja na Siti lilijengeka kundi la wanamuziki, miongoni mwao Subeit bin Ambar, Buda bin Swedi, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban. Walikutana mara kwa mara nyumbani, walitunga, walijaribu, na majirani walisikiliza. Zaidi ya yote, walifanya jambo lililobadilisha taarabu: waliiimba kwa Kiswahili. Habari za mitaani, dhuluma za wenye vyeo, kesi za mahakamani na matatizo ya ndoa ziliingia katika nyimbo. Wimbo wa Kijiti, kwa mfano, ulisimulia mauaji ya mwanamke mgeni na namna haki ilivyopotoka baada ya mwuaji kukimbia. Watu wasiojua kusoma gazeti walilisikia gazeti lao kutoka kinywani mwa Siti.

Wapinzani hawakukosekana. Walimtungia nyimbo za kumkejeli kwa asili yake, kwa mavazi aliyokuja nayo mjini na kwa sura yake. Siti naye alijibu kwa wimbo, na jibu lake lilikuwa kwamba hasara ya mtu ni kukosa akili, sura si hoja. Kejeli hizo zilihusu yale yanayoonekana kwa macho. Miaka michache baadaye ilifika mashine isiyoona sura wala mavazi wala nasaba, mashine inayosikia tu, nayo ikampa Siti hadhi ambayo wapinzani wake hawakuipata.

Jinsi sauti ilivyonaswa wakati ule

Kabla ya kusimulia safari ya Siti, ni vema mwalimu ajue mashine hiyo ilivyofanya kazi, kwa sababu kanuni zake ndizo msingi wa vyombo vya leo.

Thomas Edison wa Marekani alitengeneza mwaka 1877 chombo cha kwanza kilichoweza kunasa sauti na kuirudia. Mwaka 1887 Emile Berliner akabuni gramafoni, iliyotumia sahani bapa badala ya mcheduara. Kwa miaka mingi sauti ilinaswa kwa nguvu yake yenyewe: mwimbaji aliimba ndani ya pembe kubwa, pembe ikakusanya sauti na kuisukuma sindano. Sauti laini na ala zenye mlio mdogo zilipotea. Mwaka 1925 kampuni kubwa zilianza kutumia umeme. Maikrofoni iligeuza mtikisiko wa hewa kuwa mtikisiko wa umeme, umeme ukaongezwa nguvu, kisha ukaiendesha sindano. Hapo ndipo sauti za chini na herufi nyepesi zilipoanza kusikika vizuri.

Sindano ilichora mfuo katika sahani nene ya nta. Nta hiyo ilipakwa unga mwembamba unaopitisha umeme, kisha ikavikwa shaba kwa njia ya umeme. Shaba ilipobanduliwa ilikuwa muhuri: palipokuwa na bonde katika nta palikuwa na tuta katika shaba. Kwa kutumia mihuri ya namna hiyo ziligandamizwa santuri kwa maelfu, zikitengenezwa kwa mchanganyiko wenye lakiri, yaani utomvu wa wadudu wadogo unaovunwa hasa India. Santuri zilikuwa ngumu lakini nyepesi kuvunjika. Zikianguka zilivunjika kama chungu.

Watoto wanaweza kuona jambo hili kwa udongo wa mfinyanzi. Kila mtoto abonyeze ufunguo au mbegu katika tonge la udongo mbichi, akauke nao juani, kisha abonyeze udongo mwingine mbichi juu yake. Ataona kwamba alama ya kwanza imepinduliwa, na kwamba muhuri mmoja huzaa nakala nyingi. Kutoka hapo mwalimu atawaongoza hadi kwenye santuri, na kutoka santuri hadi kwenye simu, ambayo huhifadhi mtikisiko uleule kwa namba badala ya mfuo. Huko ndiko kwenda kutoka jambo linalojulikana hadi jambo lisilojulikana.

Safari ya Bombay, 1928

Mwaka 1928 Siti na kundi lake walisafiri hadi Bombay, mji ambao sasa unaitwa Mumbai, kurekodi nyimbo kwa ajili ya kampuni ya Gramophone, iliyojulikana kwa chapa ya His Master's Voice. Hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyekuwa amefanya kazi hiyo kabla yake.

Mwalimu na atafakari ugumu wa kazi iliyowangojea. Taarabu ni muziki wa usiku kucha. Wimbo mmoja huweza kurefushwa kadiri wasikilizaji wanavyopenda. Mwimbaji hurudia beti, mpiga udi huongeza madoido, na watu huitikia. Santuri ya wakati ule ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja wa sahani ya kawaida, yenye upana wa sentimita 25, ulitosha dakika 3 hivi. Wimbo ulilazimika kukatwa ili uenee, au kugawanywa pande mbili, na mgawanyo huo ulipaswa kuja mahali ambapo maana haikatiki.

Ugumu wa pili ulikuwa wa nafasi. Maikrofoni ilikuwa moja, na haikuwapo njia ya kupunguza ala moja na kuongeza nyingine baada ya kazi kwisha. Uwiano ulipatikana kwa miguu: mwenye sauti kubwa alirudi nyuma, mwenye sauti ndogo akasogea mbele. Mwimbaji alikaa mahali ambapo maneno yake yangesikika juu ya fidla, udi na dafu. Akigeuza kichwa, neno lilipotea.

Ugumu wa tatu ulikuwa wa kosa. Nta iliyokwisha kuchorwa haikufutika kipande. Kikohozi kimoja, uzi wa ala uliokatika au neno lililokosewa lilimaanisha kuanza upya tangu mwanzo kwa nta nyingine. Tena nta ikipigwa ili wanamuziki wajisikilize, iliharibika isifae kutengenezewa muhuri. Walipaswa kujua wenyewe, wakati wa kuimba, kwamba wameimba vizuri.

Ugumu wa nne ulikuwa ukimya. Siti alizoea kuimba mbele ya watu wanaotikisa vichwa na kutunza fedha. Katika chumba cha kurekodi hapana mtu wa kuitikia. Mwimbaji hana budi amwone kwa mawazo msikilizaji asiyekuwapo, na kumwimbia huyo.

Kundi la Siti liliyashinda mambo hayo yote kwa sababu mafunzo yao yaliwaandaa. Aliyejifunza kwa sikio hahitaji karatasi, ambayo hutoa mlio inapofunuliwa. Aliyezoea kuimba huku akitembea na vyungu anaitawala pumzi yake. Wanamuziki waliokutana usiku baada ya usiku hujua kila mmoja ataingia lini. Chombo kilikuwa kigeni, lakini nidhamu iliyohitajiwa na chombo hicho walikuwa nayo tayari.

Santuri zilivyoenea

Santuri hizo zilipofika Afrika Mashariki zilipokewa kwa shangwe. Gramafoni za kutia ufunguo kwa mkono hazikuhitaji umeme wa nyumbani, basi ziliweza kupigwa mahali popote. Mwenye chombo alikifungua, na majirani walikusanyika. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba hadi mwaka 1931 zilikuwa zimeuzwa santuri 72,000. Kampuni iliendelea kurekodi kundi hilo, na kampuni nyingine, zikiona faida, zikaanza kutafuta waimbaji wa Kiswahili.

Waliomsikia Siti kwa njia hiyo wengi wao hawakujua kusoma. Kwao santuri ilikuwa kama kitabu kinachojisoma chenyewe, tena kwa lugha yao. Watu wa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, waliotofautiana kwa lafudhi na kwa asili, walisikia Kiswahili kimoja kutoka katika sahani moja.

Uwezo huo wa sauti kuwafikia wasiosoma ulitumiwa tena nchini mwetu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliendeshwa kwa njia ya redio, na watu wapatao milioni 2 walishiriki katika vikundi vya kujifunza. Vikundi hivyo vilikuwa na viongozi waliofunzwa, vilisikiliza kipindi, vikajadiliana, kisha vikatenda. Redio haikufundisha peke yake, na hakuna chombo cha sauti au picha kitakachomfanya mwalimu asihitajike.

Miaka ya mwisho na urithi wake

Siti aliendelea kuimba na kuheshimiwa. Karibu na mwisho wa maisha yake alisimulia habari zake kwa Shaaban Robert, ambaye aliandika wasifu wake. Hivyo mwanamke asiyejua kuandika aliandikwa na mwandishi mashuhuri kuliko wote wa Kiswahili wa zama zake. Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Sauti ya Dar es Salaam, kituo cha redio kilichotangulia vituo vya leo vya Tanzania Bara, kilianza kutangaza mwaka uliofuata, na Televisheni Zanzibar ilianza mwaka 1973. Siti alitangulia vyote viwili.

Waliomsikiliza waliendeleza kazi yake. Fatuma binti Baraka, aliyejulikana na wote kwa jina la Bi Kidude na aliyefariki mwaka 2013, alijifunza nyimbo nyingi kwa kumsikiliza Siti. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1987, kililiita jarida lake Sauti ya Siti.

Lakini mwalimu akumbuke pia upande wa pili. Nyimbo alizoimba Siti barabarani na vyungu kichwani hatunazo. Hazikunaswa. Tunazo zile tu zilizofika mbele ya chombo. Mkoani Singida, Wanyaturu, Wanyiramba, Wanyisanzu, Wahadzabe na wengineo wana nyimbo za kazi, hadithi na masimulizi ya kale ambayo hukaa vichwani mwa wazee. Kila mzee anapozikwa bila kusikilizwa, sehemu ya maktaba hiyo huzikwa pamoja naye, na hakuna kampuni itakayotoka Bombay kuja kuiokoa. Ataiokoa mwalimu pamoja na wanafunzi wake, au haitaokolewa.

Namna ya kutumia habari hizi darasani

Hatua ya kwanza ni sikio. Watoto wakae kimya kwa dakika mbili nje ya darasa, wamefumba macho, kisha kila mmoja ataje sauti alizosikia: upepo, kengele za ng'ombe, pikipiki, bati linalogongana. Wajadiliane ni zipi zitakazoharibu rekodi na namna ya kuziepuka. Hatua hii haihitaji chombo.

Hatua ya pili ni mazoezi na muda. Kila kikundi kichague hadithi ya kwao na kuisimulia kwa dakika 3, kama upande mmoja wa santuri. Watakaozidisha wapunguze wenyewe, na waeleze walipunguza nini na kwa nini. Hapa watajifunza kuhariri kabla hawajalijua neno kuhariri.

Hatua ya tatu ni mahali na umbali. Simu moja ya mwalimu inatosha. Msimulizi aiweke umbali wa shubiri moja kutoka kinywani, pembeni kidogo, ili pumzi ya herufi p na b isiipige moja kwa moja. Wajaribu katika darasa tupu, ambamo mwangwi ni mwingi, kisha walitundike blanketi na kanga nyuma ya msimulizi na kulinganisha. Wajaribu pia nje. Singida ni nchi ya upepo, na upepo ukiingia katika maikrofoni husikika kama ngurumo. Wafundishwe kuupa upepo mgongo, kujikinga nyuma ya jiwe kubwa au ukuta, na kuifunika maikrofoni kwa kitambaa chepesi. Mvua ikinyesha juu ya bati kazi isimame.

Hatua ya nne ni kunasa na kusikiliza. Kabla ya neno la kwanza na baada ya neno la mwisho waache ukimya wa sekunde tano. Wakimaliza wasikilize rekodi papo hapo, mwanzo hadi mwisho. Siti na wenzake hawakuweza kuisikiliza nta yao bila kuiharibu. Sisi tunaweza, na tusipofanya hivyo ni uvivu. Kosa likionekana, warudie.

Hatua ya tano ni heshima na kumbukumbu. Mzee anayerekodiwa aombwe ridhaa kwanza, aelezwe sauti yake itatumika wapi, na arudishiwe aisikie. Kila rekodi iandikwe jina la msimulizi, kijiji, lugha, tarehe na aliyerekodi, kisha itengenezwe nakala ya pili. Rekodi isiyo na jina baada ya miaka kumi huwa kama barua iliyopotea bahasha.

Picha ije baada ya hatua hizo. Mwanafunzi aliyekwisha kujifunza sauti hufundishwa mambo matatu tu kwa kuanzia: mwanga uwe mbele ya anayepigwa picha wala usiwe nyuma yake, mkono utulie, na kama hautulii simu iegemezwe juu ya matofali, na picha isihamehame ovyo wakati mtu anasema. Sauti isisahauliwe hata hapo. Mtazamaji huvumilia picha isiyong'aa, lakini maneno yasiyosikika humfukuza.

Mwisho

Ali Muhsin hakuwa na mashine ya kurekodi alipomfundisha Siti. Alikuwa na sikio, subira na ujuzi wake. Chombo kilipokuja, mwanafunzi wake alikuwa tayari. Nasi hatujui ni vyombo gani watakavyotumia watoto tutakaowafundisha, kwa maana simu ya leo nayo itapitwa kama santuri ilivyopitwa. Tunajua tu kwamba atakayevitumia vizuri ni yule aliyefundishwa kusikiliza. Kazi hiyo mwalimu anaweza kuianza kesho asubuhi.

Maswali na mazoezi

1. Taja mambo manne yaliyokuwa magumu katika kurekodi mwaka 1928. Yapi kati yake yamekwisha, na yapi yangalipo?

2. Eleza jinsi kazi ya kuuza vyungu ilivyomsaidia Siti kuwa mwimbaji wa santuri.

3. Andaa somo la dakika 40 la darasa la tano kuhusu namna sauti inavyonaswa, ukitumia udongo wa mfinyanzi na vitu vinavyopatikana kijijini tu.

4. Ukiwa katika mazoezi ya kufundisha, chagua pamoja na wanafunzi wako mzee mmoja wa kijiji. Ombeni ridhaa yake, rekodini simulizi la dakika 3, mrudishieni alisikilize, kisha liwekeeni maelezo yote yanayohitajika.

5. Jadilini: je, kujifunza kwa kusikiliza na kurudia ni njia iliyopitwa na wakati? Toeni hoja za pande zote mbili.